Mama hataki ndege: tunavuka Atlantiki kwa meli, Southampton hadi New York. Tujiandaeje?

Binti_Kizingo

Assalaam aleikum na habari zenu nyote. Namtafuta mtu aliyewahi kukaa baharini siku nyingi bila kuona nchi kavu, maana mimi bahari naijua kwa feri ya Likoni na boti za Lamu tu.

Mimi ni wa Mombasa, naishi Coventry na mama yangu, ana miaka 71. Dada yangu aliye New Jersey amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mama amesema mjukuu lazima amshike kwa mikono yake. Ndege hapandi. Safari ya mwisho masikio yalimuuma mpaka akashuka analia, na tangu hapo ukitaja uwanja wa ndege anageuza mazungumzo. Basi tumekata shauri: Queen Mary 2, usiku saba, mwezi wa Juni, na kurudi vilevile kwa meli.

Mama ana pasipoti ya Kenya na ukaazi wa kudumu hapa Uingereza. Visa ya Marekani ameshapata. Mimi nina pasipoti ya Uingereza. Ana presha na sukari, anameza vidonge, hachomi sindano. Ana glakoma pia, anatia matone machoni kila usiku. Anatembea vizuri ila ngazi humchosha.

Kinachoninyima usingizi ni chumba. Wakala ametupa viwili kwa bei zinazokaribiana. Kimoja kiko sitaha ya 12, mbele, roshani yake wazi, anasema mandhari yake haina mfano. Cha pili kiko sitaha ya 5, katikati, na roshani yake imezibwa nusu na ukuta wa chuma. Halafu kuna huko kulewa na bahari: mama hata kwenye matatu ya Malindi hutapika. Na swala je, kibla tutaijuaje katikati ya maji? Na mavazi: nasikia kuna usiku wa kuvaa rasmi, na mama nje ya nyumba havai kitu kingine ila buibui.

Nisaidieni, nataka afike na afya yake.

Nesi_wa_Zamu

Dada, hongera kwa mtoto. Mimi ni muuguzi huku Midlands, nitasema la dawa tu.

Wengi watakwambia umbandike kile kiraka cha hyosini, dawa ya kuzuia kutapika, nyuma ya sikio. Kwa mwenye glakoma hakifai, tafadhali usimpe hata kama jirani alitumia kikamsaidia. Vidonge vya sinarizini (Stugeron) vinauzwa famasi bila cheti, na humezwa kama saa mbili kabla ya safari, lakini vinaleta usingizi, na mtu mzima mwenye usingizi kwenye sakafu inayoyumba ni rahisi kuanguka. Kwa hiyo nenda kwa mfamasia na orodha ya dawa zake zote, pamoja na yale matone, akwambie kipi kinafaa. Fanya hivyo wiki kadhaa kabla, usingoje Southampton.

Matone chukua chupa mbili, uziweke kwenye mikoba miwili tofauti. Dawa zote zibaki kwenye maboksi yake yenye jina lake.

Na bima: NHS, matibabu ya serikali ya Uingereza, haifiki melini, kadi ya GHIC, ile ya matibabu Ulaya, haifai kitu baharini wala Marekani, na zahanati ya meli ni ya kulipia. Tafuta bima inayotaja safari za meli na Marekani, na inayolipia kuhamishwa kwa dharura. Waeleze presha, sukari na jicho bila kuficha hata kimoja. Ukificha, siku ya shida hawatalipa.

Jambo la mwisho: sabuni na maji kabla ya kila mlo. Melini wanaweka dawa ya kupulizia mikononi mlangoni pa ukumbi wa chakula, lakini norovirus, kile kirusi cha kuhara na kutapika, hakiuawi vizuri na spiriti. Mgonjwa wa sukari akiharisha na kutapika siku mbili mfululizo anaweza kuishiwa maji vibaya.

Baharia_Likoni

Waaleikum salaam mwanangu. Nimefanya kazi ya vyumba kwenye meli za abiria tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, na Atlantiki ya Kaskazini nimeivuka misimu yote. Nianze na chumba, kwa sababu meli ikishang'oa nanga, chumba kibaya hakina dawa.

Chukua sitaha ya 5, na usisite. Meli ikikutana na wimbi linalotoka mbele, omo, yaani mbele ya meli, inapanda na kushuka, na tezi, yaani nyuma yake, nayo inashuka na kupanda. Pale katikati ndipo penye utulivu, kama ubao wa pembea pale ulipoegemea. Na kadiri unavyokaa juu ndivyo mrama, kule kuyumba kwa ubavu, unavyokuzungusha zaidi. Vyumba vya juu na mbele ndivyo nilivyokuwa nikiitwa usiku wa manane kupeleka shuka safi, na mara nyingi wenyewe walikuwa wamelipa pesa nyingi kuliko wenzao wa chini waliokuwa wamelala fofofo.

Queen Mary 2 ni meli iliyojengwa kwa kazi hii hasa. Ilitoka Saint-Nazaire, Ufaransa, ikaanza safari zake mwaka 2004, urefu wake mita 345, na omo yake ni ndefu na imechongoka ili ikate mawimbi ya Atlantiki. Ina mapezi manne chini ya maji, yanachomoza ubavuni na kuizuia isilale upande huu na upande huu. Hilo ni kweli na utaliona. Lakini mapezi hayazuii omo kunyanyuka na kutua. Hapo linalokuokoa ni mahali chumba chako kilipo.

Ule ukuta wa chuma wa roshani msiuogope. Mama akiketi utamziba asione maji, akisimama ataona mpaka upeo wa macho. Faida yake ni upepo. Meli ikienda maili za bahari 21 kwa saa, hiyo ni karibu kilomita 39, hata kama hewa imetulia kabisa, huko sitaha za juu upepo wa mwendo wake unakupiga usoni, na Juni ya Atlantiki si Juni ya Mombasa. Hapo chini mama anaweza kukaa na shali yake na kikombe chake cha chai asubuhi nzima. Ila mlango wa roshani ni mzito. Ufungue wewe, na mama asiweke vidole kwenye kizingiti cha pembeni. Nimeona kidole kilichobanwa na mlango ule, sitaki mama yako alione jambo hilo.

Kuhusu kulewa, dada Nesi amesema la dawa. Mimi nakupa dalili. Ukipita ngazini ukakuta mifuko midogo ya karatasi imechomekwa kwenye vishikio, ujue daraja la nahodha limeshapata habari ya bahari iliyo mbele, na sisi tumeambiwa tuiweke. Hapo ndipo pa kumeza dawa, usingoje mate yajae mdomoni. Tumbo lisiwe tupu: biskuti kavu, tofaa la kijani, tangawizi. Mhudumu wa chumba ukimwomba atakuletea. Mama asisome wala asitazame simu. Mshushe ukumbi wa chini, katikati ya meli, akae dirishani atazame ule mstari wa bahari na mbingu.

Juni mmechagua vizuri. Dhoruba kubwa ni za Novemba mpaka Machi. Lakini Juni ina ukungu wake, hasa mkikaribia Grand Banks, upande wa Newfoundland, ambako hewa ya uvuguvugu iliyopita juu ya Gulf Stream, mkondo wa maji ya moto, inakutana na maji baridi ya mkondo wa Labrador. Humo meli hupiga honi, na haziachwi dakika mbili zikapita bila honi, mchana na usiku, mpaka ukungu uishe. Mwambie mama mapema. Nimewakuta bibi wamekaa kitandani wamevaa jaketi za kuokolea kwa sababu hakuna aliyewaambia. Ishara ya dharura ni nyingine: milio saba mifupi na mmoja mrefu. Mtaonyeshwa siku ya kwanza. Mpeleke mama mpaka kituo chenu cha kukusanyikia kwa miguu, mzitumie zile ngazi, ajue njia.

Kibla sasa. Msitegemee dira ya simu mkiwa chumbani, chuma cha meli kinaidanganya. Kwenye runinga ya chumba kuna chaneli inayoonyesha ramani, mahali meli ilipo na inakoelekea. Mkitoka Southampton kibla iko kusini-mashariki. Katikati ya bahari inakuwa mashariki hasa, na kwa kuwa meli inakwenda magharibi, mama aelekee tezi, basi. Mkikaribia New York imeshahamia kaskazini-mashariki. Kila siku tazameni ramani upya. Na nyinyi ni wasafiri, kupunguza swala kupo.

Saa zinarudi nyuma moja moja usiku, mara tano, kwa hiyo siku nyingi mtapata saa 25. Kwa mwenye sukari nakushauri umuulize daktari vidonge vifuate saa ipi. Kurudi Uingereza ni kinyume, saa inapotea, na watu wanachoka zaidi.

Nisisahau mizigo, maana hapa wageni huumia. Sanduku mnalikabidhi kwa wapagazi gatini na mnalikuta mlangoni pa chumba baadaye, huenda jioni. Usiku wa mwisho mnaliweka nje ya mlango kabla ya kulala na hamlioni tena mpaka mshuke. Kwa hiyo dawa, pasipoti, na nguo za kubadilisha viwe kwenye mkoba wa mkononi siku zote mbili.

Simu iweke hali ya ndege kabla hamjaondoka gatini. Mtandao wa simu wa melini unatoza pesa nyingi, na simu hujiunga yenyewe ukiwa umelala.

Na nikuombe jambo, mwanangu. Kuna bakshishi inayokatwa kila siku kwenye hesabu ya chumba. Watu huenda dawatini kuifuta. Usiifute. Anayekutandikia kitanda ameacha watoto nyumbani miezi na miezi, na ile pesa ndiyo ada yao ya shule.

MamaZuhra_Luton

Mimi nilivuka na mume wangu, nakujibu la mavazi. Kwa usiku saba kuna jioni mbili za kuvaa rasmi, na vazi rasmi la kwenu linakubalika. Mume wangu alivaa kanzu, koti na kofia ya vito, na watu walimsimamisha kuuliza kofia ile imeshonwaje. Mama avae buibui lake zuri lenye nakshi na mtandio wa hariri, hakuna atakayemgusa. Asipotaka shughuli, ukumbi wa kujipakulia uko sitaha ya 7, hauna masharti hayo, na hapohapo nje kuna njia inayozunguka meli nzima, tambarare, haina ngazi. Sisi tulikuwa tunaitembea kila baada ya alfajiri.

Chakula cha halali kiombwe mapema kupitia wakala, muda mrefu kabla, na ukipanda uthibitishe kwa msimamizi wa meza jioni ya kwanza. Samaki wapo kila siku, hilo lisikutie wasiwasi.

Binti_Kizingo

Baba Baharia, shikamoo, na nyote Mungu awalipe. Nimempigia wakala, tumechukua sitaha ya 5. Mama nimemsomea habari ya honi, akasema sawa, bora ajue. Nimebakiwa na mawili: makaratasi ya kurudi, na kule kushuka New York. Dada anataka kuja kutupokea na gari.

Baharia_Likoni

Marahaba mwanangu. Wewe mwenye pasipoti ya Uingereza unahitaji ESTA, kibali cha mtandaoni cha kuingia Marekani bila visa, hata ukienda kwa meli. Iombe kabla, kwa sababu bila hiyo gatini hupandi. Mama, kwa kuwa zile kadi za ukaazi zimeachwa tangu mwisho wa 2024, hakikisha akaunti yake ya eVisa, yaani uthibitisho wa ukaazi wa mtandaoni, imeunganishwa na pasipoti anayosafiria sasa, si ya zamani, na uchapishe karatasi ya uthibitisho uwe nayo. Siku ya kurudi wataangalia hali yake kabla hajapanda.

Kushuka: meli huingia alfajiri na mapema, inapita chini ya daraja la Verrazzano. Bomba la moshi lilifanywa fupi makusudi ili lipite hapo, na ukisimama sitaha ya juu utaona kama linagonga. Mwamshe mama, mvishe koti zito, mpandishe kwa lifti. Kisha mrudi mnywe chai na mngoje zamu yenu ya kushuka. Uhamiaji unafanyika gatini, na foleni ni ndefu, kwa hiyo omba kiti cha magurudumu tangu sasa kupitia wakala, hata kama mama anatembea.

Na mwambie dada yako hivi: New York ina bandari za abiria zaidi ya moja. Kuna ya Manhattan, na kuna ya Bayonne iliyo hukohuko New Jersey, na watu wa New Jersey huzoea kwenda hiyo. Queen Mary 2 inafunga Red Hook, Brooklyn. Aandike hiyo kwenye ramani ya gari lake, na asitoke nyumbani mpaka umpigie kwamba mmeshapita uhamiaji.