Amefunga laptopu yangu kwa kidole kimoja!!

Wakuu, nimetoka kutetea mradi sasa hivi, naandika nimekaa kwenye ngazi, mikono inatetemeka. Ni yule mwalimu wetu wa uhandisi wa programu. Simtaji. Mliopita pale mnamjua, na mliodisko, mkaondolewa chuo kwa kufeli mikononi mwake, mnamjua zaidi.

Miezi minane nimejenga programu ya vikundi vya VICOBA, vile vya kuweka na kukopeshana. Inafanya kazi bila mtandao: mweka hazina anaingiza hisa na marejesho kwenye simu, bando likipatikana vinapanda vyenyewe. Kikundi cha mama yangu wanaitumia tangu Januari, madaftari wameshafungia maandazi. Nimesimama mbele, projekta imekubali, naanza tu kuonyesha rejesho linavyolipwa. Akanyanyuka. Akaja. Akafunga laptopu kwa kidole kimoja. "Michoro iko wapi?"

Kidole KIMOJA! Kama anafunika chungu cha uji ulioungua.

Michoro ya usanifu ipo, ripoti ina kurasa 94! Ila yeye anataka ule utaratibu wa maporomoko: mahitaji yaishe ndipo usanifu, usanifu uishe ndipo uandike msimbo, kurudi nyuma marufuku. Mimi nilirudi kwa wale mama mara kumi na moja, maana kila wakijaribu tunakuta faini ya kuchelewa inakosea. Basi hilo ndilo kosa langu. Royce, mtaalamu wa programu aliyechora mchoro wa hayo maporomoko mwaka 1970, aliandika kwenye makala hiyohiyo kwamba kwenda hivyo ni hatari na ni kukaribisha kushindwa! Nilitaka kumwambia. Utamwambia nini mtu ambaye kidole chake bado kipo juu ya laptopu yako?

Na kazi anataka kwenye CD. CD! Git, ya kutunza msimbo na kila badiliko lake, ipo tangu 2005, hawa wadogo zetu wa mwaka wa kwanza walikuwa hawajatambaa. Laptopu yangu haina hata tundu la CD. Nimezunguka steshenari zote za mjini, moja wakaniuliza kama natoa albamu ya taarabu.

Mtihani wake tunaandika Java kwa kalamu, nukta mkato ikidondoka na maksi zimedondoka. Nikavumilia. Lakini kidole?

Hakuona hata skrini ya kwanza. HATA YA KWANZA.

Mzee wa Sapu: Pole mkuu. Mimi alinifungia mlango. Laptopu angalau inafunguka tena.

Binti wa Kigamboni: Mnamsema bure, mimi alinipa A. Ungetanguliza michoro ungesikilizwa.

Mleta mada: Ilikuwa ukurasa wa 12! Ripoti hakufungua, alichofanya ni kufunga laptopu! Kwa kidole!

Fundi Bomba: Kidole kipi?

Mleta mada: Cha shahada.

Fundi Bomba: Ndiyo kazi yake hiyo. Kinatoa shahada, kinanyima shahada.

Mzee wa Sapu: 😂😂😂 uzi ufungwe

Nesi Mtarajiwa: Nyie mnalilia laptopu. Sisi tunafokewa wodini mpaka mgonjwa anatuombea msamaha, na dripu mkononi.

Mpima Barabara: Afadhali nyie mko kivulini. Tumepima barabara wiki mbili juani, msimamizi akaja na gari, hata kioo hakushusha. Alipiga honi tu, tukaambiwa ndiyo maksi.

Nesi Mtarajiwa: Honi ngapi? Huenda ni B.

Shangazi Mwanaidi: Wanangu samahani, hiyo programu ya VICOBA inapatikana wapi? Mweka hazina wetu kahama na daftari.

Fundi Bomba: Kahama ya Shinyanga?

Shangazi Mwanaidi: Amehama! Ila nasikia kweli yuko Kahama, kafungua duka la vitenge. Hela zetu hizo.

Mpima Barabara: Wa kwetu alikimbilia Tunduma siku moja kabla ya kugawana. Tulimfuata na basi la usiku.

Shangazi Mwanaidi: Mkampata?

Mpima Barabara: Tulikuta shemeji yake. Alitupatia godoro.