Ambreyaji (klachi) ya Hilux inalainika kwenye mlima wa Essence, Bukavu: nirefushe fimbo ya pedali?

Dereva wa Panzi
Jambo wakubwa. Nina Hilux ya zamani ya mazutu (dizeli), inapakia makaa na mihogo kutoka Walungu hadi soko la Kadutu. Asubuhi pedali ya ambreyaji iko sawa. Nikikaa kwenye ambutiyaji (msongamano) ya Essence inalainika, vitesi (gia) ya kwanza inakataa, ya kurudi nyuma inakwaruza. Nikikanyaga haraka mara mbili tatu, inarudi. Mafuta kwenye kopo nayo yanapungua. Mekanisye mmoja anataka kurefusha fimbo ya pedali. Mwingine anasema tushushe buati (sanduku la gia), disiki ya ambreyaji imeisha. Nimsikilize nani?

Fundi wa Kadutu
Mdogo wangu, fimbo isiguswe kwanza. Disiki iliyoisha inateleza: mota (injini) inalia, gari halipandi. Kwako ni kinyume, ambreyaji haiachi. Tena disiki ikilika, mafuta kwenye kopo hupanda kidogo, hayashuki. Yakishuka, yamevuja.

Inua tapi (zulia la sakafuni), papasa pale fimbo inapoingia kwenye pompi ya juu. Kisha ingia chini, vuta kaushu (mpira) ya kuzuia vumbi ya pompi ya chini, iliyo kando ya buati. Ndani panatakiwa pakavu. Kama kote ni kukavu, kanyaga pedali uishikilie. Ikizama polepole, kaushu za ndani za pompi ya juu zinapitisha.

Fimbo kazi yake ni kuacha pedali icheze kidogo kabla ya kusukuma. Kwenye Toyota nyingi za aina hii ni milimita 5 hadi 15. Ukiondoa nafasi hiyo ili kuficha mvujo, pistoni hairudi hadi mwisho, kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kopo kinaziba, shinikizo linabaki ndani. Hapo ndipo disiki itaanza kuteleza na kuungua kweli. Jambo hili linaniuma sana. Watu wanakopa pesa kushusha buati, kumbe shida ni kaushu ndogo ya pompi.

Mama wa Nguba
Papa fundi, yakipungua njiani, naweza kuongeza mafuta ya mota ili nifike nyumbani? Langu ni gari la Ulaya, kopo ni moja kwa freni na ambreyaji.

Fundi wa Kadutu
Hapana Mama, hata tone. Mafuta ya mota yanavimbisha kaushu zote, na kwako freni zitakufa pamoja na ambreyaji. Tumia mafuta ya freni, DOT 3 au DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwa sababu inanyonya unyevu wa hewani. DOT 3 mpya huvumilia angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Kopo likishuka kwenye gari lako, usiendeshe kabla hujajua yanatokea wapi.

Dereva wa Panzi
Nimevuta kaushu ya chini, mafuta meusi yakanimwagikia mkononi. Juu ni pakavu.

Fundi wa Kadutu
Basi ni pompi ya chini. Kabla ya kununua kaushu, pitisha ukucha ndani ya silinda. Ukikwama kwenye mkwaruzo au kutu, nunua pompi nzima, kaushu mpya hazitadumu humo. Za juu nazo zimezeeka. Ukipata pesa, badilisha pamoja.

Kutoa hewa: mpira mwangavu kwenye skurubu ya pompi ya chini, ncha yake izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage na kushikilia, ufungue, ufunge, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, hewa inaingia upya. Kopo lisikauke hata kidogo. Endelea hadi mapovu yaishe na mafuta yatoke safi. Yakigusa rangi ya gari, osha kwa maji papo hapo. Halafu pima mchezo wa pedali. Ukiwa ndani ya kipimo, fimbo iache ilivyo.

Na huko Panzi ni mteremko: tega mawe kwenye magurudumu kabla hujaingia chini.