Mrejesho: riwaya yangu na ule mkataba

Wakuu, niliwauliza kama nisaini mkataba wa mchapishaji aliyetaka nichangie gharama na nimwachie hakimiliki. Sikusaini.

Mlionishauri niusome mstari kwa mstari, Mungu awabariki. Kifungu kimoja kilimpa hadi haki ya tafsiri na filamu, bila kikomo. Sheria yetu ya hakimiliki hapa Tanzania, ya 1999, inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Ningewanyima hata wajukuu!

Nimeamua kuchapa mwenyewe. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, nimeiomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Kiwandani nikaambiwa kurasa huchapwa kwa mafungu ya 16, na zangu zilikuwa 196. Nikakata nne, zikabaki 192. Zilikuwa maelezo ya bandari ya Tanga alfajiri, niliyapenda mno. Niliumia, ila sura ile sasa inatembea.

Kazi kubwa ilikuwa kwingine. Naandika kuanzia saa kumi alfajiri, kabla sijafungua duka huku Ngamiani, Tanga. Mke wangu, msomaji wangu wa kwanza, akaniambia kuhusu mhusika wangu mmoja, "Baba Asha, huyu bibi wako wa Pangani haongei kama bibi." Kweli kabisa. Nikaenda kwa mama mkubwa, nikakaa siku mbili nikimsikiliza tu anavyogombeza kuku, anavyokatiza salamu, anavyonyamaza. Mazungumzo yote ya bibi nimeyaandika upya, na nimefurahi kuliko siku nilipomaliza riwaya.

Nakala 300 zinatoka wiki ijayo. Ya kwanza ni ya mama mkubwa.