Mnaokuja renji kurekodi video, mtatuua

Wakuu, mikono bado inanuka baruti na hasira haijashuka, kwa hiyo mtanivumilia.

Niko Houston. Jumamosi nimekwenda renji ya ndani (ukumbi wa kulengea shabaha kwa bunduki) ninayokwenda kila mwezi, nimelipia njia yangu, karatasi ya shabaha nimeipeleka yadi 7, najipigia taratibu. Njia ya jirani wakaingia vijana wanne, wasichana wawili na wavulana wawili. Nasikia Kiswahili, tena cha nyumbani kabisa. Nikafurahi! Furaha yenyewe haikumaliza hata magazini moja.

Mmoja kakodi Glock. Kapiga tatu, ya nne ikagoma. Mnajua alifanya nini? Akageuka. Mwili mzima, bastola mkononi, kidole kiko kwenye kifyatulio, anawauliza wenzake waliosimama nyuma, "Oya, mbona imekwama hii?"

Mtutu ukapita tumboni kwa rafiki yake, ukapita kwa dada aliyekuwa anarekodi na simu, ukaja kwangu. Nilikuwa nimerudi nyuma kwenye begi kuchukua boksi la risasi, kwa hiyo hata ule ukuta wa kutenganisha njia haukunikinga. Nimekitazama kile kitundu cheusi na chenyewe kikanitazama. Nikapiga kelele "Geukia mbele!" Nani asikie? Wote masikio yamezibwa. Nikajitupa chini kama gunia.

Sasa jamani, bunduki iliyogoma ndiyo ya kuogopa kuliko inayolia. Baruti inaweza kuchelewa kushika moto. Ikigoma unaacha mtutu uelekee shabaha vilevile, unahesabu mpaka 30, ndipo unatoa magazini, unavuta slaidi (kile kipande cha juu cha bastola kinachorudi nyuma), risasi inaruka nje. Na ikitoa kamlio hafifu, puf, usipige tena kabisa, maana kichwa cha risasi huenda kimebaki ndani ya mtutu na inayofuata itakupasukia usoni. Hujui hayo? Hakuna aibu. Weka bastola mezani, mdomo ukielekea mbele, inua mkono, mhusika, yaani msimamizi wa renji, aje. Ni kazi yake, analipwa.

Ila na huyo mhusika naye! Kijana kakaa kwenye stuli, simu mkononi. Alipoinuka alimgeuza yule bwana bega, akamtolea ile risasi, akamwambia awe mwangalifu. Basi. Wakaendelea kupiga! Nimekwenda kaunta kwa meneja, swali la kwanza: "Kuna mtu ameumia?" Nikamwambia hapana. "Basi tumshukuru Mungu." Ile karatasi tunayosaini mlangoni imeandikwa kwamba ukielekeza silaha kwa mtu unatoka siku hiyohiyo. Kumbe ni pambo.

Mimi nimepita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa, kule Tanzania) kwa mujibu wa sheria. Siku ya renji tulikaa juani tangu asubuhi kusubiri zamu ya kupiga risasi za kuhesabu. Unalala kifudifudi, afande kasimama kwenye kisogo chako, bunduki yako, SMG, hukoki mpaka aseme. Kuruta mmoja wa kombania yetu aligeuza shingo, nasema shingo, mtutu haukusogea, amtazame mwenzake kapata ngapi. Alirukishwa kichurachura mpaka tukamwonea huruma. Siku ile nilimwona afande mnoko sana. Afande, popote ulipo, nisamehe.

Watu mtasema nakuza mambo. Agosti 2014 kule Arizona mtoto wa miaka 9 alipewa Uzi (bunduki, siyo uzi huu), ikawekwa kwenye mfululizo, ikamshinda nguvu ikapanda juu. Aliyekufa ni mwalimu wake, kasimama pembeni yake anamwelekeza. Mwalimu! Seuze mimi niliyeinamia begi.

Hapa Texas tangu Septemba 2021 mwenye miaka 21 asiyekatazwa na sheria anabeba bastola bila leseni, yaani bila kukaa darasani hata saa moja. Sheria yao, sawa. Ila matokeo yake ndiyo hawa, wanajifunzia migongoni mwetu. Na nilivyowasikia, wawili wako hapa kwa viza ya masomo. Wadogo zangu, mwenye viza ya namna hiyo haruhusiwi kushika silaha na sheria ya shirikisho, hata ya kukodi kwa dakika kumi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni hai ya uwindaji. Mnachezea viza kwa ajili ya stori ya Instagram.

Mwingine alikuwa anakula krispu palepale mstarini, na vidole vimejaa vumbi la risasi, yale madini yenye sumu. Hilo naliacha, tumbo ni lake.

Nilimfuata yule kijana kwenye maegesho, kwa upole, nikamwita mdogo wangu. Jibu: "Braza, acha uoga, si ilikuwa imekwama?"

Mwenye kujua renji ya nje upande wa Katy au Conroe ambayo msimamizi anafukuza watu kweli, anitajie. Mwendo wa saa nzima siyo tatizo.

Na dada uliyekuwa unarekodi, kama uko humu: video unayo. Simamisha pale alipogeuka, ukuze picha, uangalie kidole chake kiko wapi.