Nimetuma mswada wa riwaya kwa wachapishaji, kimya tu. Mnatulizaje moyo?

KaraniWaMizani
Wakuu, salaam. Mimi ni karani kwenye chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Tandahimba. Msimu ukishafungwa kazi zinapungua, ndipo nikaandika riwaya. Inahusu kangomba: mzee mmoja anauza korosho zake zikiwa bado maua ili apate hela ya matibabu, halafu minada inaanza na bei inapanda. Niliichapa jioni jioni kwenye kompyuta ya kuazima, nikaituma kwa wachapishaji wa Dar kwa barua pepe. Mmoja alitaka nakala ya karatasi, nikaitia kwenye basi.

Tangu hapo kimya. Ni mmoja tu aliyejibu "tumepokea, asante". Salfa imeshapulizwa, mikorosho imetoa maua, mimi bado kila alfajiri nafungua barua pepe kabla hata sijanawa uso. Mume wangu ananitania mbele ya mashemeji, "mwandishi, wamekupigia?" Na sasa hata nikiisoma mwenyewe naiona mbovu. Nifanyeje nisikate tamaa?

Kambi_Popote
Ngoja waje wajuzi. Naweka kambi hapa.

BintiMikindani
Dada pole. Usife moyo, Abdulrazak Gurnah riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987 akiwa anakaribia miaka 40, na 2021 akabeba Nobel ya fasihi. Kimya kingi kina mshindo.

Mtani wa Nachingwea
Mshindo mwingine ni wa kuanguka. Mkuu, Nobel ya Gurnah haimsaidii mtu anayeamka alfajiri Tandahimba kuangalia simu. Mpeni dada kitu cha kushika.

MharirMstaafu
Nimekaa chumba cha uhariri miaka mingi kabla ya kurudi Masasi, basi binti yangu nikuambie mswada wako uko wapi.

Uko sakafuni, karibu na dirisha, kwenye rundo. Miswada ya karatasi ilikuwa inakuja na raba bendi, na kwa joto la Dar raba inayeyuka na kugandia ukurasa wa kwanza, ukiivuta inaondoka na jina la mwandishi. Siku hizi rundo limehamia kwenye barua pepe lakini ni rundo lile lile. Mhariri ni mmoja, wakiwa wengi ni wawili, na huyo huyo anasahihisha prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa), anagombana na kiwanda cha uchapaji, anahudhuria vikao. Akikuta kurasa zako za mwanzo zina uhai, anaupeleka mswada kwa msomaji wa nje, mara nyingi mwalimu wa chuo kikuu, ambaye naye atausoma akimaliza kusahihisha mitihani. Ripoti ikirudi ndipo wanakaa kikao cha gharama, na hapo ndipo riwaya nyingi zinapokwama, si kwa ubaya wake. Soko kubwa la vitabu kwetu ni shule, na tangu serikali iipe Taasisi ya Elimu kazi ya kuandika na kuchapisha vitabu vya kiada, wachapishaji binafsi wamepungukiwa na ile hela iliyokuwa inabeba hadithi. Kwa hiyo kila riwaya inapigiwa hesabu mara mbili.

Miezi mitatu mpaka sita bila jibu ni kawaida. Kimya mara nyingi ni foleni tu, maana barua ya kukataa inaandikwa kwa dakika mbili. Ikipita miezi mitatu andika mistari michache kuulizia, hakuna atakayekuchukia. Tunachochukia ni mtu kutuma toleo jipya kila wiki, "tafadhali mtumie hili, lile la zamani mlifute". Ukiiona mbovu sasa hivi, iache. Huo ni uchovu wa macho.

Ua la Mkorosho
Nikiwa nasubiri majibu ya kitabu cha watoto nilijiwekea Jumatatu na Alhamisi tu za kufungua barua pepe. Bando lilipona na akili ikapona. Siku nyingine nilikuwa naandika hadithi nyingine kabisa, isiyofanana na ile. Ndiyo dawa pekee niliyoiona inafanya kazi. Nilijaribu pia kumsomea bibi yangu kule Newala, akalala sura ya kwanza.

Shemeji naye mpe asome kwa sauti, utani utaisha.

Mtani wa Nachingwea
Au utaongezeka 😂

KaraniWaMizani
Asanteni sana, mzee shikamoo. Kuna jambo sikulisema. Yupo mchapishaji mwingine nilimpata Facebook, huyu alijibu siku ile ile. Anasema riwaya ni nzuri sana, nichangie milioni moja na laki nane ya uhariri na jalada, watanipa nakala mia. Nilikuwa nafikiria fedha ya korosho ikitoka nimpe, nimalize haya mateso ya kusubiri.

MharirMstaafu
Marahaba. Usitoe hata senti. Mtu kasoma riwaya nzima siku moja? Muulize jina la yule mzee wako na kilichompata mwishoni.

Mchapishaji anayekuchapisha kwa gharama yake anakulipa wewe mrabaha, kawaida unazungukia asilimia 10, na hela yake anaitafuta kwa wasomaji. Huyu wako faida ameshaipata kwako, kitabu kiuzwe kisiuzwe.

Mtani wa Nachingwea
Dada, umeandika riwaya nzima kuhusu mtu aliyeuza maua kwa kangomba kwa sababu alishindwa kungoja mnada. Sasa unataka kufanya nini na riwaya yenyewe?

BintiMikindani
Umemmaliza 😂😂

Ua la Mkorosho
Ukitaka kujichapishia si aibu, ila fanya kwa macho makavu: namba ya ISBN, ya kukitambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, mhariri unamtafuta mwenyewe, kiwanda unakilipa kwa ankara, na nakala zote zinakuwa zako. Kabla ya huko kuna tuzo. Ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu inasimamiwa na Taasisi ya Elimu, washindi wa kwanza walitangazwa 2023. Ipo pia ya Safal-Cornell, ya fasihi ya Kiswahili. Soma masharti, na kama mswada uko kwa mchapishaji mwambie.

Kambi_Popote
Na Ndanda je? Vitabu vingi vya zamani nyumbani vimeandikwa Benedictine Publications Ndanda-Peramiho. Ni hapo hapo Masasi.

MharirMstaafu
Kwanza aulize wanapokea nini, wale ni wamisionari, na kwenye riwaya kuna ulevi wa uraka, pombe ya mabibo, nadhani.

KaraniWaMizani
Sura nzima, mzee. Nimemuuliza yule wa Facebook jina la mhusika mkuu. Amesema "Juma". Hakuna Juma humo ndani. Nimembloki.

Hao wengine niwaandikieje?

MharirMstaafu
Hivi: "Ndugu Mhariri, mwezi Aprili niliwatumia mswada wa riwaya (taja jina). Naomba kufahamu umefikia hatua gani. Bado ningependa uchapishwe nanyi. Kama haufai kwa sasa, nitashukuru kuambiwa ili niupeleke kwingine." Jina, namba ya simu, basi. Usiambatishe mswada tena. Tuma Jumanne au Jumatano asubuhi, Jumatatu wako kikaoni.

KaraniWaMizani
Nimeziandika zote, zinatoka kesho kutwa Jumanne.

Mtani wa Nachingwea
Sawa. Sasa huyo mzee, korosho zake anazikomboa au hazikomboi?

KaraniWaMizani
Utanunua kitabu, mtani.