Mafundi wa AC, mzani wa kupimia gesi mnauogopea nini?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina.

Nina AC ya inverta, ile ya baridi na moto, inatumia gesi ya R410A. Ilianza kupoza kinyonge, na bomba nene kule nje likawa linaota barafu. Nikaita fundi. Akachomeka mpira mmoja wa geji ya presha, akautazama mshale, akatamka maneno ambayo nadhani wanafundishwa kabla hata ya kushika spana: "Gesi imepungua, bosi."

Akasimamisha mtungi, akafungua valvu, akawa anapapasa bomba kwa kiganja kama anampima mtoto homa. Likapoa, akasema tayari. Kifuniko cha mashine ya ndani hakukigusa. Nilipomuuliza imevujia wapi, akanijibu, "Hizi mashine zinakula gesi."

Zinakula! Jamani, gesi ya AC si petroli. Imefungiwa humo ndani, inazunguka, inakuwa kimiminika, inakuwa mvuke, inarudi ilikotoka. Ikipungua ujue kuna tundu, na tundu linatafutwa: naitrojeni ndani ya mabomba, povu la sabuni kwenye nati, macho kwenye doa lolote la mafuta. Anayeongeza bila kutafuta ama hajui kazi, ama anataka umwite tena.

Na mimi nikaita tena, ila mwingine. Kwa siku chache AC ilikuwa imeonekana kupona, lakini nilipoiweka kwenye moto, yuniti ya nje ikanguruma vibaya na kujizima yenyewe baada ya dakika kama kumi. Fundi wa pili alifika ikiwa bado kwenye moto, akachomeka geji palepale. Mshale ukaruka mpaka mwisho na yeye akaruka nyuma! Kumbe hakujua kwamba ukiweka moto mzunguko unageuka, na lile bomba nene linapitisha gesi ya moto yenye presha kubwa. Akabadilisha kwenda baridi, mshale ukashuka, akatabasamu: "Unaona? Imepungua." Akaongeza. Wa tatu wala hakutoa geji kwenye begi. Alisikiliza mngurumo, akasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa, ninunue nyingine.

Wa nne alianza kwa kufungua kifuniko cha ndani. Akachomoa filta. Wakuu, ilikuwa imevaa blanketi la vumbi, na koili nyuma yake, yale mabomba yanayopoza hewa, vilevile. (Ndiyo, filta ningeweza kuisafisha mwenyewe, nisemeni tu, nastahili.) Akanieleza: hewa isipopita kwenye koili ya ndani, gesi haipati joto la kuichemsha, kwa hiyo presha inashuka. Kwa R410A, presha ya psi 118 maana yake gesi inachemka kwenye kama nyuzi joto 4 za Selsiasi. Ikishuka mpaka 90 unafika nyuzi 3 chini ya sifuri, na hapo ndipo barafu inapotokea. Geji inasoma chini kabisa na gesi imejaa tele. Mshale haudanganyi, lakini haukuambii sababu.

Tena hii ni inverta, kompresa inabadilisha kasi kila wakati na presha inafuata. Usipoiweka kwenye hali ya majaribio, ile inayoshikilia kasi moja, unasoma namba gani? Nikamuuliza kwa nini asipime joto la bomba la kimiminika alinganishe na presha, kama nilivyosoma kwamba hufanywa kwenye mashine kubwa. Akasema kwenye hizi za ukutani valvu ya kupunguza presha iko kulekule nje, kwa hiyo ukiwa kwenye baridi mabomba yote mawili yanayoingia ndani tayari ni ya upande wa baridi. Mahali pa kupimia hapafikiki. Kinachobaki ni kuipima gesi yenyewe kwenye mzani.

Akavuta gesi yote kwa mashine yake, ikaingia kwenye mtungi mtupu uliokaa juu ya mzani. Tukasoma pamoja: kilo 1.62. Kibandiko cha yuniti ya nje kinasema kilo 1.10 kwa bomba lisilozidi mita 7.5, ikizidi unaongeza gramu 20 kwa kila mita. Bomba langu ni mita 10. Hesabu ya mtoto wa shule: 1.15. Nilikuwa na karibu nusu kilo ya ziada iliyokuwa inaisukuma presha juu mpaka mashine inajizima kujiokoa. Kompresa ambayo ningeitupa ilikuwa nzima.

Akasafisha koili, akajaribu kwa naitrojeni, hakuna uvujaji hata chembe. Akavuta vakyumu, yaani akanyonya hewa yote mabombani, mpaka presha ikawa chini ya maikroni 500, akafunga valvu akasubiri kuona kama itapanda. Kisha gesi mpya, mtungi umepinduliwa, kwa sababu R410A ni mchanganyiko wa R32 na R125 nusu kwa nusu na inatakiwa itoke ikiwa kimiminika. Kilo 1.15, akafunga. Baridi inapiga, moto unapiga, haizimi.

Nikampigia yule wa pili. Nikamsomea namba zote, moja baada ya nyingine. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Lakini siku ile si ilipoa?"