Naomba ushauri: kumbukumbu ya bibi Mpolandi aliyekulia Tengeru

Wakuu, habari za majukumu. Bibi wa mume wangu amefariki huku Uingereza. Mwaka 1940 Wasovieti walimtoa yeye na familia yake kwao mashariki mwa Polandi wakawapeleka Siberia. Baadaye wakapitia Irani, wakavushwa bahari hadi Afrika Mashariki. Kambi ya Tengeru, Arusha, ilikuwa na watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto. Vita vilipokwisha, kwao kulishamegwa na Wasovieti, ndipo akaja huku, akaolewa, akazaa. Mimi Mmeru alinipokea kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, tena kwa mbwembwe!

Sasa familia inataka tarehe 1 Novemba, siku Wapolandi wanapowasha mishumaa makaburini, tuwe kwenye makaburi yao pale Tengeru, alipozikwa mama wa bibi huyo. Mipango nimeachiwa mimi.

Naombeni ushauri: tuanze kumwona nani, mtunza makaburi au uongozi wa chuo cha mifugo ambacho makaburi yamo ndani ya eneo lake? Kuweka kibao cha jina lake kando ya kaburi la mama yake kunahitaji kibali? Na kuna mzee yeyote huko anayeikumbuka kambi, tukamsalimie?